Lenzi, zebaki na saa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sayansi na ufundi wa Ulaya, 1450–1760

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo walimu, wanafunzi na wapenzi wa historia huuliza mara nyingi kuhusu maendeleo ya sayansi na ufundi barani Ulaya kati ya karne ya 15 na karne ya 18. Mkazo umewekwa kwa makusudi kwenye vifaa na mafundi waliovitengeneza, kwa kuwa vitabu vya shule vina mazoea ya kutaja majina ya wanafalsafa na kuisahau mikono iliyosugua vioo na kuyeyusha risasi.

Kipindi kinachozungumziwa ni kipi hasa?

Ni miaka 300 hivi, tangu Johannes Gutenberg alipopiga chapa vitabu mjini Mainz katikati ya karne ya 15, hadi saa ya bahari ya John Harrison ilipojaribiwa safarini katika miaka ya 1760. Mipaka hiyo imewekwa ili kurahisisha mazungumzo tu, maana hakuna mkulima wa Ujerumani aliyeamka siku moja akaambiwa kwamba zama za kati zimekwisha.

Je, kweli palikuwa na "mapinduzi ya sayansi"?

Neno "mapinduzi" humpa msomaji wa Kiswahili picha ya jambo la usiku mmoja, ilhali kutoka kitabu cha Nicolaus Copernicus cha mwaka 1543 hadi kile cha Isaac Newton cha mwaka 1687 ilipita miaka 144. Kwa hiyo, kama neno hilo linatafsiriwa kwa maana ya kasi, halifai.

Hata hivyo, kuna jambo lililogeuka kweli. Mwaka 1500, mwanachuo aliyeulizwa kwa nini maji hupanda ndani ya bomba la pampu alifungua kitabu cha Aristotle na kueleza kwamba maumbile huchukia utupu. Kufikia miaka ya 1660, mwenzake wa London alitarajiwa kuileta pampu yenyewe, aiendeshe mbele ya mashahidi, na aandike kilichotokea hata kama jaribio liliharibika. Kilichobadilika ni swali la nani aaminiwe, na kwa ushahidi gani. Na ushahidi huo, karibu kila mara, ulitoka katika kifaa kilichotengenezwa na fundi.

Kwa nini wanahistoria hupenda kuanza na mtambo wa chapa?

Kwa sababu mtambo huo uliwezesha watu wasioonana kubishana juu ya ukurasa uleule. Katika ufundi ulioenea Ulaya baada ya Gutenberg, fundi alichonga herufi moja kwenye ncha ya chuma kigumu, akaigonga juu ya kipande cha shaba ikaacha alama ya umbo lake, kisha akakitia kipande hicho ndani ya kalibu ya mkono na kumimina mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Mchanganyiko huo huyeyuka upesi na kuganda upesi, na kwa kuwa kalibu ilikuwa ileile, herufi zote zilitoka zikiwa na kimo kimoja. Herufi zilipangwa kwa mistari, zikapakwa wino wa mafuta, na karatasi ikagandamizwa juu yake kwa mtambo wa parafujo uliofanana na ule wa kukamulia zabibu. Biblia ya mistari 42 ilikuwa tayari kufikia mwaka 1455, na inakadiriwa kwamba nakala zipatazo 180 zilichapwa.

Uchapaji wenyewe ulikuwa wa zamani zaidi katika Asia. Nchini China, Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo zinazohamishika katika miaka ya 1040, na kule Korea kitabu kiitwacho Jikji kilichapwa kwa herufi za chuma mwaka 1377.

Faida kubwa ya chapa kwa sayansi haikuwa wingi wa vitabu peke yake. Mnakili anayeandika kwa mkono majedwali ya falaki atakosea namba, na anayenakili mchoro wa moyo atauchora vibaya, na atakayenakili kutoka kwake atauharibu zaidi. Mwaka 1543 daktari Andreas Vesalius, akiwa na umri wa miaka 28, alichapa mjini Basel kitabu chake cha muundo wa mwili wa binadamu. Vibao vya picha vilichongwa Venice na kuvushwa milima ya Alpi hadi kwa mchapaji. Galen, tabibu wa Kigiriki ambaye vitabu vyake vilitawala tiba kwa zaidi ya miaka 1,000, alikuwa ameandika kwamba taya la chini lina mifupa miwili, kwa kuwa alipasua wanyama. Vesalius alionyesha kwamba la binadamu lina mfupa mmoja, na kila aliyekuwa na kitabu hicho, awe Padua au Paris, aliona picha ileile. Ni kweli pia kwamba kosa la mchapaji lilizaliana kwa kasi hiyohiyo.

Je, Wazungu walianza wenyewe, au walirithi kutoka kwa wengine?

Walirithi, tena kwa wingi, na wenyewe walikiri. Copernicus anamtaja al-Battani, mwanafalaki wa Kiarabu, kwa jina katika kitabu chake. Kitabu cha nuru na macho cha Ibn al-Haytham, kilichoandikwa mapema katika karne ya 11, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa na kila aliyejishughulisha na lenzi. Mfano wa mwendo wa mwezi aliouunda Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza saa za sala katika msikiti mkuu wa Damascus katika karne ya 14, unalingana kihesabu na ule wa Copernicus, na wanahistoria bado wanatafuta njia uliyopitia kufika Ulaya. Dira, baruti na karatasi zilitoka China. Tarakimu zilitoka India zikapitia kwa Waarabu.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuona urithi huo bila kufungua kitabu. Tunaposema sifuri, aljebra, zebaki au falaki, na tunapoziita sayari Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, tunatumia hazina ileile waliyoichota wanachuo wa Toledo na Padua. Neno la Kiarabu lililotupa "sifuri" ndilo lililozaa majina ya namba hiyo katika lugha nyingi za Ulaya.

Copernicus alisema nini, na kwa nini hakukubaliwa mara moja?

Alisema kwamba dunia hujizungusha kila siku na kulizunguka jua kila mwaka. Waliompinga hawakuwa wajinga. Walisema kwamba kama dunia inasafiri umbali mkubwa kiasi hicho, basi nyota zingeonekana kuhama kidogo kati ya mwezi wa Januari na Julai, kama vile mti ulio kando ya njia unavyoonekana kuhama anapopita msafiri. Na hakuna aliyeuona uhamaji huo. Jibu la Copernicus, kwamba nyota ziko mbali mno, lilikuwa sahihi, lakini uhamaji wenyewe ulipimwa kwa uhakika mwaka 1838, karibu miaka 300 baadaye. Mtu mwangalifu wa mwaka 1580 alikuwa na sababu nzuri ya kusita.

Aliyesita zaidi kuliko wote ndiye aliyeleta vipimo bora. Tycho Brahe, mtukufu wa Denmark, alijenga kituo cha falaki katika kisiwa cha Hven kuanzia mwaka 1576 na kukijaza ala kubwa za shaba na mbao, bila lenzi hata moja. Vipimo vyake vilikosea kwa dakika moja au mbili tu za nyuzi (dakika 60 za aina hiyo ni nyuzi moja). Mwezi mpevu, kwa kulinganisha, una upana wa dakika 30 hivi. Alipofariki mjini Prague mwaka 1601, daftari zake zilimfikia Johannes Kepler, ambaye aligundua kwamba njia ya duara aliyoikokotoa kwa ajili ya Mirihi ilipishana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8. Mtu mwingine angeziacha. Kepler alimwamini fundi na ala zake kuliko duara, akaitupa kazi ya miaka mingi, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi hufuata njia ya duaradufu, yaani duara lililorefuka.

Nani aligundua darubini, na Galileo alifanya nini hasa?

Ombi la kwanza linalojulikana la hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, lilipelekwa The Hague mwaka 1608 na Hans Lipperhey, mtengeneza miwani wa Middelburg nchini Uholanzi. Kifaa chake kilikuza vitu mara 3 hivi. Alinyimwa hataza, kwa kuwa wengine walidai ujuzi huohuo na kifaa kilikuwa rahisi kuigwa: lenzi moja iliyotuna, nyingine iliyobonyea, na bomba katikati. Mwaka uliofuata vilikuwa vinauzwa Paris kama vitu vya kuchezea.

Galileo Galilei, mwalimu wa hisabati mjini Padua, alipata habari hizo mwaka 1609. Hakugundua darubini, wala hakuwa wa kwanza kuielekeza mwezini, maana Mwingereza Thomas Harriot alichora mwezi miezi michache kabla yake. Alichofanya ni kusugua lenzi bora kuliko za wauza miwani. Kufikia Agosti alikuwa na darubini ya kukuza mara 8, aliyoionyesha kwa watawala wa Venice, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na ya mara 20.

Jinsi alivyofanya inaonekana katika karatasi moja yenye mvuto wa pekee. Nyuma ya barua aliyoandikiwa mwezi Novemba 1609, Galileo aliorodhesha vitu vya kununua: risasi mbili za mzinga, bomba la kinanda la bati, vioo vya Ujerumani vilivyosawazishwa, vipande vya kioo cha kujitazamia, unga wa kusugulia, lami na kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa. Pamoja na hivyo, katika orodha hiyohiyo, kuna viatu na kofia ya mwanawe Vincenzo, dengu, mchele, zabibu kavu, sukari, pilipili manga, karafuu, mdalasini, sabuni na machungwa. (Karafuu hizo zilitoka visiwa vya Maluku, Unguja ya wakati ule haikuwa na mkarafuu.) Risasi ya mzinga, ikiwa ya mviringo kamili, inafaa kutoa umbo la kusugulia kioo kibonyee; unga hufuta mikwaruzo; kitambaa hung'arisha; bomba la kinanda hushika lenzi. Kwa kuwa kingo za lenzi zake hazikuwa safi, alizifunika kwa pete ya karatasi ngumu ili nuru ipite katikati tu.

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliona nyota tatu ndogo zimejipanga karibu na Mshtarii. Usiku uliofuata zilikuwa upande mwingine. Baada ya siku chache zilikuwa nne, na alielewa kwamba zinaizunguka sayari hiyo, jambo lililoonyesha kwamba si kila kitu cha mbinguni huizunguka dunia. Kitabu chake kilitoka Machi mwaka huohuo.

Galileo alihukumiwa kwa sababu ya sayansi yake?

Ndiyo, ingawa si kwa sababu hiyo peke yake. Mwaka 1616 Kanisa lilisimamisha kitabu cha Copernicus mpaka kisahihishwe, na Galileo akaonywa asiitetee nadharia hiyo. Mwaka 1632 alichapa majadiliano ambamo hoja za Papa Urban wa VIII, aliyekuwa rafiki yake, ziliwekwa kinywani mwa mhusika anayeitwa Simplicio, jina linalosikika kama "mjinga". Kosa hilo la adabu lilimgharimu. Mwaka 1633 alilazimishwa kukana, kisha akafungiwa nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642. Maneno "na bado inazunguka", ambayo husemekana aliyanong'ona mbele ya mahakama, hayamo katika kumbukumbu za kesi, na yaelekea yalitungwa na watu wa baadaye. Kitabu chake bora, cha mwendo na nguvu za vitu, alikiandika akiwa kifungoni, na kikachapwa Leiden mwaka 1638.

Hadubini ilitoka wapi?

Ilitoka kwa mafundi haohao wa miwani. Mwaka 1665 Robert Hooke alichapa mjini London kitabu cha picha za vitu vidogo, kikiwa na chawa aliyechorwa kwenye karatasi ya kukunjua, na vijichumba vya kizibo alivyovipa jina ambalo biolojia inalitumia hadi leo kwa seli. Aliyemzidi ni mfanyabiashara wa nguo wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, ambaye hakujua Kilatini na aliandika barua zake kwa Kiholanzi cha kawaida. Kifaa chake kilikuwa bamba la chuma la kutosha kiganjani, lenye lenzi moja ndogo kama punje na msumari wa parafujo wa kushikilia kinachotazamwa. Moja iliyobaki hukuza takriban mara 270. Kwa lenzi kama hizo aliona vijidudu ndani ya maji, na mwaka 1683 akaripoti vilivyomo kwenye utando wa meno yake mwenyewe. Vile vya majini, wasomi wa London hawakuviamini mpaka Hooke alipovionyesha mbele yao mwaka 1677.

Je, tiba ilinufaika?

Kwa muda mrefu, kidogo sana. William Harvey alionyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka, kwa kukokotoa kwamba moyo husukuma ndani ya nusu saa damu nyingi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza. Lakini wagonjwa waliendelea kutolewa damu kwa karne mbili zaidi. Hatua iliyookoa maisha ilitoka nje ya Ulaya: kuchanja kwa usaha wa ndui hafifu. Lady Mary Wortley Montagu aliiona Constantinople na kuileta London, ambako mwanawe wa kike alichanjwa mwaka 1721. Kabla yake, mwaka 1716, chama cha wasomi cha London kilipokea barua kutoka Boston iliyosimulia maelezo ya Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, kwamba kwao alichanjwa hivyo.

Ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hewa, lina uhusiano gani na mashine ya mvuke?

Huu ndio mfululizo unaostahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana unaanzia kwa wachimba visima na kuishia kwa wachimba makaa.

Mafundi wa pampu nchini Italia walijua kwamba pampu ya kufyonza haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata itengenezwe vizuri kiasi gani. Evangelista Torricelli, aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo katika siku zake za mwisho, alifikiri kwamba kinachopandisha maji si mvuto wa utupu bali ni uzito wa hewa inayokandamiza maji kutoka nje. Kama ni hivyo, zebaki, iliyo nzito kuliko maji mara 13 na zaidi, ingepanda kwa kadiri ndogo. Mwaka 1644 alieleza matokeo: bomba la kioo lililojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli lilibaki na safu ya sentimita 76 hivi, na juu yake nafasi tupu.

Blaise Pascal aliuliza kama safu hiyo ingepungua juu ya mlima, ambako hewa iliyo juu yetu ni kidogo. Hakwenda mwenyewe, alimtuma shemeji yake, Florin Périer. Tarehe 19 Septemba 1648, Périer na mashahidi kadhaa waliacha bomba moja bondeni katika nyumba ya watawa wa Clermont, mtawa mmoja akailinda kutwa, nao wakapanda Puy de Dôme na lingine. Kileleni walipima mara 5, ndani ya kikanisa na nje, penye upepo na penye ukungu, na kila mara zebaki ilikuwa chini kwa sentimita 8 hivi. Bomba la bondeni halikutikisika. Sioni jaribio jingine la karne ile lililopangwa kwa uangalifu kuliko hilo.

Otto von Guericke, meya wa Magdeburg, alitengeneza pampu ya kutoa hewa. Aliunganisha vibakuli viwili vya shaba vyenye kipenyo cha nusu mita hivi, akatoa hewa ndani, na farasi 16, wanane kila upande, wakatoka jasho kuvitenganisha. Robert Boyle na Hooke waliunda pampu bora zaidi mwaka 1659 na kupima jinsi hewa inavyobonyea. Kutoka hapo swali likawa la kifundi: kama hewa ina nguvu kiasi hicho, je, inaweza kufanyishwa kazi?

Jibu lililofanikiwa lilitolewa mwaka 1712 karibu na Dudley na Thomas Newcomen, muuza vyuma wa Dartmouth. Mvuke ulijaza silinda chini ya pistoni. Maji baridi yakanyunyiziwa ndani, mvuke ukageuka maji, ombwe likatokea, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini. Boriti kubwa juu yake ilivuta pampu iliyotoa maji mgodini. Mashine hiyo ilikula makaa kwa uroho, lakini ilisimama juu ya makaa yenyewe.

Kwa nini longitudo ilikuwa tatizo gumu hivyo?

Latitudo hupatikana kwa kupima urefu wa jua au nyota juu ya upeo wa macho. Longitudo ni tofauti ya saa: dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nahodha anayejua saa ya bandari aliyotoka na saa ya mahali alipo anajua amesafiri umbali gani mashariki au magharibi. Shida ni kubeba saa ya bandari. Kosa la dakika 4 za saa ni nyuzi moja nzima, na katika ikweta hiyo ni kilomita 111.

Christiaan Huygens alibuni saa ya timazi, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, mwaka 1656, na ghafla kosa la saa bora lilishuka kutoka karibu robo saa kwa siku hadi sekunde chache. Baharini, hata hivyo, timazi huyumbishwa na mawimbi. Tena haidumishi mwendo mmoja kila mahali: mwaka 1672 Jean Richer aliipeleka saa kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta inachelewa dakika 2 na nusu kwa siku mpaka alipofupisha timazi. Saa hiyo ingechelewa vivyo hivyo Mombasa au Lamu. Newton alitumia habari hiyo kuthibitisha kwamba dunia imetuna katikati.

Mwaka 1707 meli 4 za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly baada ya kukosea kukadiria mahali zilipo, na watu zaidi ya 1,400 wakafa. Mwaka 1714 Bunge liliahidi pauni 20,000 kwa njia ya kupata longitudo ndani ya nusu ya nyuzi. Wanafalaki walitazamia jibu litoke angani. Lilitoka kwa seremala wa Barrow upon Humber, John Harrison, ambaye saa zake za mwanzo zilikuwa na magurudumu ya mbao. Alitengeneza saa tatu kubwa kwa miaka mingi, kisha akaziacha na mwaka 1759 akakamilisha ya nne, mfano wa saa ya mfukoni yenye kipenyo cha sentimita 13. Katika safari ya kwenda Jamaica, iliyoanza Novemba 1761, ilipoteza sekunde 5 tu katika siku 81. Wajumbe wa bodi iliyosimamia zawadi hiyo walidai ilikuwa bahati, wakataka jaribio la pili, kisha wakataka nakala. Harrison alipata fedha zake za mwisho mwaka 1773, kwa uamuzi wa Bunge, akiwa na umri wa miaka 80.

Vyama vya wasomi vilifanya kazi gani?

Viliwapa watu mahali pa kushuhudia majaribio na jarida la kuyachapa. Royal Society ya London ilianzishwa mwaka 1660, na wito wake wa Kilatini unamaanisha kutokukubali neno la mtu yeyote kwa sababu tu amelisema. Chuo cha Paris kilifuata mwaka 1666, kikiwa na mishahara ya mfalme.

Cha London hakikuwa na mfalme wa kukilipia, na mambo yake ya fedha yanachekesha kidogo. Kilitumia akiba yake kuchapa kitabu kikubwa cha samaki mwaka 1686, ambacho hakikununuliwa. Newton alipokamilisha kitabu chake cha mwendo na mvutano mwaka uliofuata, hazina ilikuwa tupu, na Edmond Halley akagharamia uchapaji kwa fedha zake mwenyewe. Chama kikamlipa mshahara wake kwa nakala za kitabu cha samaki.

Je, watu hawa walikuwa wameachana na unajimu na uchawi?

Hapana. Kepler alipiga ramli za nyota kwa ajira, na mama yake alishtakiwa kwa uchawi. Alimtetea yeye mwenyewe hadi akaachiwa mwaka 1621. Newton aliandika kurasa nyingi mno kuhusu kugeuza madini. Hawakuona mpaka tunaouona sisi.

Wanawake walikuwa wapi?

Wengi walifanya kazi hiyohiyo ndani ya nyumba za waume na baba zao, bila majina yao kuchapwa. Maria Winkelmann aliona kimondo chenye mkia mwaka 1702, lakini mumewe alipofariki, chuo cha Berlin kilikataa kumwajiri yeye. Maria Sibylla Merian alisafiri mwaka 1699, akiwa na miaka 52, hadi Suriname kuchora maisha ya wadudu, akisaidiwa na wenyeji na watumwa waliomweleza mimea. Laura Bassi alipata ualimu wa chuo Bologna mwaka 1732. Tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Newton inayotumika mpaka leo ni ya Émilie du Châtelet.

Kuna uhusiano wowote na pwani ya Afrika Mashariki?

Upo, na ni wa mawe. Mizinga ilipoanza kubomoa kuta ndefu za zamani, wahandisi wa Italia waliunda ngome za aina mpya: kuta fupi na nene, na buruji zenye pembe kali kila kona, zilizopangwa kwa jiometri ili pasibaki sehemu ya ukuta ambayo adui anaweza kujificha asifikiwe na risasi za walinzi. Hisabati ya ngome hizo ilikuwa somo la malipo. Galileo mwenyewe aliifundisha Padua na kuuza bikari ya kijeshi aliyoiboresha mwaka 1597. Miaka minne kabla ya hapo, Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno, alichora ramani ya Fort Jesus ya Mombasa kwa kanuni hizo, nayo ikajengwa kwa mawe ya matumbawe. Waomani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu mwaka 1696. Walichoshinda nacho kilikuwa muda, njaa na maradhi ya waliokuwa ndani.

Ujuzi ulielekea upande wa pili pia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuwa na astrolabu, ala ya kupimia urefu wa jua na nyota, lakini aliomba rubani wa kumvusha hadi India. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anasimulia kwamba rubani huyo alipoonyeshwa astrolabu hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa mabaharia wa bahari hii walikuwa na ala zao. Mojawapo ilikuwa kamali, kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo, ambao nahodha aliushika kwa meno huku akipima nyota kwa ubao. Dai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu, halikubaliwi na watafiti wengi wa leo.

Vifaa vyenyewe vinaweza kuonekana wapi leo?

Lenzi moja ya Galileo, iliyopasuka, imo katika jumba la makumbusho linalobeba jina lake mjini Florence, pamoja na vidole vyake kadhaa, kwa wanaopenda mambo hayo. Vibakuli vya von Guericke viko Munich, na hadubini kadhaa za Leeuwenhoek ziko Leiden. Saa nne za Harrison ziko Greenwich. Tatu za kwanza hutiwa ufunguo na kutembea, lakini ya nne imesimamishwa, kwa kuwa inahitaji mafuta na ikitembea italika. Fort Jesus iko wazi kwa wageni, na anayesimama juu ya buruji yake moja na kuutazama ukuta hadi kwenye buruji ya pili ataona mwenyewe hakuna pa kujificha.